Alikuwa wa tatu, sasa ni wa sitini na moja

MUULIZE MWALIMU
Barua zenu hujibiwa na mwalimu mstaafu wa Hisabati na Baiolojia, Korogwe

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Handeni. Binti yangu wa pili ana miaka 14. Alipokuwa shule ya msingi alikuwa wa tatu darasani, na mtihani wa darasa la saba alipata wastani wa B. Januari akaanza kidato cha kwanza kwenye shule ya kata yetu. Matokeo ya muhula wa kwanza yametoka, amekuwa wa 61 kati ya wanafunzi 74. Hisabati ana 18, Baiolojia 22. Nikimuuliza anasema "sielewi" halafu analia. Baba yake anasema mtoto ameshaanza mambo ya wavulana, bora aende Dar es Salaam kwa shangazi yake akasaidie kazi za nyumbani. Mimi niliishia la saba, Kiingereza sijui. Nimtafutie hela ya tuisheni au nifanye nini?
Mama wa Kidato cha Kwanza, Handeni

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana huyo binti unayemweleza namjua. Sijawahi kumwona, ila nimekutana naye darasani tangu mwaka 1986 nilipoajiriwa mpaka 2023 nilipostaafu. Kila Januari alikuja na sketi mpya inayompwaya kiunoni na madaftari yaliyofunikwa kwa gazeti, na kila Juni alirudi kwao na matokeo kama hayo. Mwambie baba yake asimpakie basi la Dar kwanza, anisikilize. Mtoto huyo hajapungukiwa akili. Lugha anayofundishiwa ndiyo iliyobadilika.

Shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967. Miaka saba mwanao amejifunza hesabu, sayansi na maarifa ya jamii kwa lugha anayoongea na wewe jikoni. Kiingereza kilikuwa somo tu, vipindi vichache kwa wiki. Kufika Januari, karibu kila kitu kimegeuka, ukiacha somo lenyewe la Kiswahili. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na mimi naamini mpaka leo kwamba tulikosea. Lakini mwanao hawezi kukaa akingoja sera. Mwakani ana mtihani wa taifa wa kidato cha pili, na asiyeufaulu hurudia darasa.

Nikupe mfano mmoja ambao niliurudia karibu kila mwaka. Wiki ya pili ya muhula naandika ubaoni swali la Kiingereza linalotaka *perimeter* ya mstatili wenye urefu wa sentimita 12 na upana wa sentimita 7. Darasa zima kimya. Wengine wanazidisha 12 kwa 7 kwa kubahatisha, wengine wanainama wasikutane na macho yangu. Nafuta lile neno moja, naandika "mzingo". Hapo unasikia madawati yanalia, kalamu zinakimbia, na mikono inapanda huku na huku: 38, mwalimu, 38! Mzingo wameuhesabu tangu wakiwa wadogo. Kigawe kidogo cha shirika wanakijua, kipeuo cha pili wanakijua, usanisinuru wanaweza kukueleza vizuri mpaka ukafurahi. Walichokosa ni jina jipya la kitu wanachokijua tayari.

Kwa hiyo hizo 18 za Hisabati usizisome kama kipimo cha akili yake. Chukua karatasi yake ya mtihani, kaa naye, mwambie akusomee swali na akuambie kwa Kiswahili linataka nini. Ninakuhakikishia mengi atakwama kwenye kuelewa swali kabla hata hajafika kwenye hesabu.

Umesema uliishia la saba na Kiingereza hukijui, ukaona huna msaada. Unao, tena mkubwa. Kila siku jioni, mkiwa mnachambua mboga au mnasubiri maharage yaive, mwulize: leo mmefundishwa nini, nieleze mimi nielewe. Akieleza kwa Kiswahili ukaelewa, somo limeingia. Akianza kukutajia maneno ya Kiingereza bila kuyafafanua, ujue alinakili ubaoni bila kuelewa, na hilo ndilo swali la kumpelekea mwalimu kesho. Mnunulie daftari moja dogo. Kila siku aandike humo maneno kumi aliyokutana nayo, Kiswahili chake pembeni, na sentensi moja aliyotunga mwenyewe. Aanze na maneno ya kuamuru ambayo mitihani yote inayatumia: *mention* ni taja, *explain* ni eleza, *distinguish* ni tofautisha, *calculate* ni kokotoa. Nimesahihisha karatasi nyingi za watoto walioambiwa waeleze wakataja tu, wakapoteza alama za jibu walilokuwa nalo kichwani. Inauma sana kuweka mkasi, ile alama ya kosa, kwenye jibu la namna hiyo.

Tuisheni usikimbilie. Tuisheni nyingi ni ubao uleule, Kiingereza kilekile, na mtoto amechoka zaidi. Kama una hela kidogo, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili itamfaa zaidi, ataitumia mpaka kidato cha nne.

Sasa kuna jambo hukuliandika, na mimi ningependa kulijua kuliko hata alama zake. Shule iko mbali kiasi gani? Anaondoka saa ngapi, anakula nini mchana, akirudi anafanya kazi gani?

Nakuuliza kwa sababu nina kosa langu ambalo silisahau. Niliwahi kuwa na mwanafunzi wa kike aliyelala kila kipindi cha saba, kila siku. Nilimwadhibu kwa kumsimamisha. Nikamsimamisha wiki nzima, akasinzia akiwa amesimama. Siku moja nikamfuata nyumbani kwao kwa baiskeli, nikapima kwa jasho langu: kilomita nane kwenda. Alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri bila kitu tumboni, shuleni hakuna chakula, akirudi anachota maji ndoo tatu, anapika, ndipo anafungua daftari saa nne usiku kwa mwanga wa koroboi. Kaka yake, mkubwa kwake, alikuwa amekaa nje anasikiliza redio. Yule mtoto sikustahili kumsimamisha. Nilistahili kumwomba radhi, na nilimwomba.

Ada ya kutwa, ile elfu ishirini kwa mwaka, iliondolewa tangu 2016, na tunashukuru. Ila ada haikuwa ikimlisha mtoto. Nenda kwenye kikao cha wazazi, mkubaliane debe la mahindi na kilo za maharage kwa kila mwanafunzi, wapikiwe mchana. Shule nilizofundisha zilizokuwa na makande jikoni, vipindi vya mchana vilikuwa na watoto walio macho. Na maji ya jioni yagawanywe. Kama nyumbani kuna mvulana mwenye mikono miwili, naye achote.

Kama shule iko mbali sana, usikubali apangishiwe geto na wenzake karibu na shule. Nimeona mabinti wazuri wamepotelea kwenye vyumba hivyo, hakuna mtu mzima wa kugonga mlango usiku. Ulizia hosteli ya shule au ndugu unayemwamini. Na mwambie waziwazi kuhusu lifti za bodaboda za asubuhi: ya leo ni bure, ya mwezi ujao italipiwa. Zungumza naye wewe mama yake, bila ukali, pamoja na habari za hedhi na siku anazokosa shule kwa ajili yake. Huenda huko ndiko baba yake anakoona "mambo ya wavulana", wakati mtoto amekosa pedi tu.

Mpe mwaka mmoja, mwanangu. Wengi niliowafundisha walikuwa wakianza kuinuka muhula wa kwanza wa kidato cha pili, pale maneno yanapozoeleka. Niandikie tena akifanya mtihani wa Novemba, hata kama ni wa hamsini. Kutoka 61 hadi 50 mimi nitafurahi.

*

Shikamoo Bibi Mwalimu. Mimi ni mvulana wa kidato cha pili, Muheza. Nikinyoosha mkono kujibu kwa Kiingereza wenzangu wananicheka, kwa hiyo nimeacha. Tukiongea Kiswahili tunavishwa kibao cha adhabu shingoni. Sasa nanyamaza tu siku nzima.
Mkimya

Marahaba, mjukuu wangu. Mwaka 1977 nilikuwa kidato cha kwanza, nikavishwa kibao hicho siku mbili mfululizo. Nilinyamaza kama wewe karibu muhula mzima, na yale niliyoshindwa kuuliza muhula ule yalinisumbua mpaka mtihani wa mwisho. Nilipokuwa mwalimu sikumvisha mtoto yeyote kibao, na walimu wenzangu wanaosoma hapa nawaomba wakitupe. Mtoto hajifunzi lugha akiwa amezibwa mdomo.

Wewe fanya hivi. Tafuta rafiki mmoja tu asiyecheka, mkae chini ya mti wakati wa mapumziko, mfundishane somo la asubuhi kwa dakika kumi, Kiswahili kwanza, kisha mlirudie kwa Kiingereza hata kama kimevunjika. Swali lako liandike kwenye karatasi, mpelekee mwalimu ofisini baada ya kipindi. Mwalimu atakayekufukuza ni mmoja, wengine watafurahi. Na kikifika kipindi cha somo unalolipenda zaidi, nyoosha mkono mara moja kwa wiki. Mara moja inatosha kuanzia.