Kipimo cha DNA na kadi ya uraia wa Wametis, Kanada

Je, kipimo cha DNA kinatosha kupata kadi ya uraia wa Wametis, yaani jamii ya asili ya Kanada yenye nasaba ya wenyeji na Wazungu? Hapana, hakikubaliwi, kwa sababu kinachotakiwa ni nasaba iliyoandikwa, kizazi baada ya kizazi, hadi kwa mhenga aliyekuwa Mmetis. Anza na cheti kirefu cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi, kwani kile kidogo cha mfukoni hakiwaonyeshi, kisha ufuatilie vyeti vya ndoa na ubatizo vya wazee wako. Nilipomsaidia mke wangu, kilichotuvusha ni kiapo cha kuomba skripu, yaani hati ya ardhi au fedha, cha mwaka 1875, kilichomo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Kanada. Jina la ukoo lilikuwa na tahajia nyingine kabisa, kwa hiyo jaribu tahajia mbalimbali.