Daktari Alisema Nitembee, Barabara Ikakataa

Mwaka juzi zahanati walinipima sukari, wakarudia siku ya pili ili wawe na hakika, kisha daktari akasogeza kiti karibu nami. "Mama, vidonge utameza, lakini na miguu ifanye kazi yake. Nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki. Tembea tu, huna haja ya kukimbia." Nilitoka pale moyo mwepesi. Mimi ni fundi cherehani. Tangu asubuhi mpaka magharibi nimekaa kwenye kiti, na safari ndefu ya miguu yangu ni kukanyaga pedeli. Kutembea hakuna bei, nikasema moyoni, hili nitaliweza.

Kesho yake saa 12 asubuhi nikavaa raba, nikajitanda kanga, nikatoka. Dakika 10 baadaye nilikuwa nimerudi ndani, moyo unanidunda kwa hofu. Barabara ya mtaani kwetu, hapa Temeke, ina lami nzuri katikati. Ukingo wa lami unakutana na mtaro usio na mfuniko, na ule ukanda mwembamba uliobaki kati ya mtaro na nyumba umejaa bajaji zilizolala, meza ya chipsi iliyogeuzwa miguu juu, na lundo la mchanga la jirani anayejenga. Mwenda kwa miguu anabaki na lami yenyewe, pamoja na bodaboda. Ya kwanza ilipita karibu kiasi cha kunipeperusha kanga. Ya pili, dereva wake aliniambia "Samahani mama!" akiwa ameshafika mbele.

Naandika haya kwa ajili yako uliyeambiwa utembee, na kwa ajili yako mwenye mtoto anayekwenda shule kwa miguu. Tumezoea kuona afya ni jambo la hospitali na barabara ni jambo la magari. Miaka hii miwili imenifundisha kwamba sukari yangu, presha ya jirani yangu na mguu wa mtoto wa shule vinaamuliwa pia na mtu aliyechora barabara, na kwamba watu wa kawaida wanaweza kudai mchoro huo ubadilishwe.

Nilipokuwa mdogo nilipelekwa likizo kwa bibi, Malindi ya Unguja, ndani ya Mji Mkongwe. Bibi alikwenda sokoni Darajani kwa miguu karibu kila siku mpaka uzeeni kabisa, na sikumsikia hata mara moja akitaja mazoezi. Siku hizi ndipo ninapoelewa kilichomsaidia. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba na nyumba zake ni ndefu, kwa hiyo nyumba ya huku inampa kivuli anayepita kule. Kila hatua chache kuna baraza mbele ya nyumba. Bibi alikaa, akaweka kapu chini, akajuliana hali na wenyeji, pumzi zikamrudi, akaendelea. Na gari halikumsumbua, maana halina pa kupita. Kila ninapoona mchoro wa barabara mpya ya mjini, ninatafuta kwanza mahali ambapo bibi yangu angekaa.

Barabara yetu ilikuwa ya vumbi hadi miaka michache iliyopita. Lami ilipokuja tulishangilia, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele, kwa sababu vumbi lilikuwa linaniharibia vitambaa na kifua. Hatukujiuliza kwa nini mkandarasi ameondoka bila kuacha njia ya miguu wala tuta hata moja. Wakati wa vumbi, mashimo yalimlazimisha kila dereva apunguze mwendo. Lami iliyaziba, na hakuna kilichowekwa kufanya ile kazi ya mashimo. Haikupita miezi mingi, mtoto wa darasa la pili akagongwa na pikipiki mbele ya kibanda changu, saa ya kutoka shule. Nilimbeba mimi. Mguu ulivunjika mahali pawili. Amepona, na sare zake nashona mimi, lakini suruali yake naikata mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake.

Baada ya siku ile nilianza kuuliza na kusoma kuhusu mwendo. Dereva akimwona mtoto, hupita kama sekunde moja kabla mguu haujakandamiza breki. Ndani ya sekunde hiyo, gari la kilomita 50 kwa saa huwa limeshakwenda karibu mita 14. Gari la kilomita 30 kwa saa, kwenye lami kavu, ndani ya mita hizohizo 14 linakuwa limeshasimama kabisa. Yaani pale la kwanza linapoanza tu kufunga breki, la pili limetulia. Sheria yetu inaruhusu 50 kwenye maeneo ya makazi. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na mkutano wa dunia wa mawaziri kuhusu usalama barabarani uliofanyika Stockholm Februari 2020 ulitoa azimio kwamba mahali ambapo watu na magari huchanganyika, mwendo usizidi 30.

Kibao cha 30 peke yake hakimpunguzi mtu mwendo. Kinachompunguza ni kitu anachokisikia kwenye usukani. Tena ushahidi wake uko hapahapa Dar es Salaam. Shirika la Amend, linaloshughulikia usalama barabarani, limekuwa likienda kwenye shule za msingi zenye watoto wengi wanaoumia njiani, likiangalia watoto wanapita wapi, kisha likiweka matuta, vivuko, njia za miguu na vizuizi vya kuzuia magari yasipande kwenye njia hizo. Penginepo geti la shule lilihamishwa lisifungukie kwenye magari. Utafiti uliofuatilia kazi hiyo ulionyesha majeruhi wamepungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo, uitwao SARSAI, ulishinda tuzo ya miji ya WRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazingira na miji, ukitoka katika jiji letu. Niliposoma habari hiyo machozi yalinitoka, kwa sababu vitu vyenyewe ni zege, rangi na koleo. Yule mtoto angeweza kuwa na miguu miwili iliyo sawa.

Sasa nikueleze tulivyofanya mtaani, hasa tulipokosea. Barua yetu ya kwanza ilisema, "Tunaomba mtusaidie kuhusu usalama wa barabara yetu." Ilipokelewa kwa heshima ofisini na hatukuisikia tena. Nimekielewa kimya hicho baadaye: mhandisi akisoma barua kama ile hana la kufanya, maana hakuna alichoombwa. Kabla ya barua ya pili tulihesabu. Kijana mmoja wa kidato cha nne na mimi tulikaa kibandani asubuhi ya Jumanne, tangu saa 12 na nusu hadi saa 1 na nusu, na daftari la mistari. Waenda kwa miguu walijaza kurasa tatu. Magari yalijaza nusu ukurasa. Tukaandika pia ni wapi hasa watu wanavuka, tukagundua ni sehemu mbili tu: geti la shule na kona ya zahanati.

Barua ya pili ikataja nguzo ya umeme ya upande huu na duka la upande ule, ikaomba kivuko kilichoinuliwa kati yake, yaani tuta pana lenye mgongo bapa lililochorwa pundamilia juu, ambapo mtoto anavuka bila kushuka na dereva lazima apande. Tulitaka hilo kuliko rasta, vile vituta vyembamba vya mfululizo, maana pikipiki inavipita kwa kasi na kelele zake zinawanyima usingizi wenye nyumba za jirani. Tukaambatanisha kurasa za daftari na picha nne. Barua ikapita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, ikasomwa kwenye mkutano wa hadhara, ikaenda kata, kwa diwani, na TARURA ambao ndio wenye barabara za mitaani kama yetu. (Kama barabara yako ni kuu, inayounganisha mikoa, wenyewe ni TANROADS. Uliza kwanza, usije ukapoteza miezi kwenye mlango usiohusika.) Kila tulipoacha barua, tulirudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na angalia kalenda: mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, kwa hiyo ombi la Juni limeshachelewa. Lipeleke Oktoba au Novemba, bajeti ijayo ikiwa haijafungwa.

Tulipokuwa tunasubiri, vijana walichoka. Usiku mmoja walichanga saruji wakamwaga tuta lao wenyewe, kali kama mgongo wa samaki, bila rangi. Nami niliwapa pesa ya mfuko mmoja, nasema hili kwa majuto. Usiku wa tatu mwendesha bodaboda aliyekuwa anarudi nyumbani aliliingia gizani, akaanguka, akavunjika mkono. Ni kijana wa watu, ana watoto. Usifanye hivyo, hata hasira iwe kubwa namna gani. Tuta lina vipimo vyake, rangi yake na kibao chake cha kutangulia, na lisipokuwa navyo linahamisha tu maumivu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Kivuko tulikipata, pamoja na matuta mawili ya kukitangulia, zaidi ya mwaka tangu barua ya pili. Asubuhi ya kwanza nilisimamisha cherehani nikakaa kutazama. Bajaji zinapunguza, watoto wanapita wameshikana mikono.

Miti tuliipanda wenyewe kwa ruhusa ya mtaa, na hapa nina la kukwambia. Watu wanapenda miashoki kwa sababu imenyooka na haina fujo, lakini kivuli chake kinaishia kwenye shina lake. Panda mkungu au mwarobaini. Jua la Dar es Salaam la saa 4 asubuhi linamrudisha mzee ndani upesi kuliko gari. Mitaro nayo izibuliwe na ifunikwe: mfuniko imara ni njia ya miguu tayari, na maji machafu yaliyotuama ndiyo makazi ya mbu wa kuleks, anayeeneza matende na mabusha. Kwa maoni yangu hakuna shilingi ya barabara inayofanya kazi nyingi kama ile ya mfuniko wa mtaro.

Wengine wataahidiwa daraja la juu la waenda kwa miguu. Uliza maswali kabla ya kushukuru. Nani atapanda ngazi zile akiwa na ndoo kichwani, au mimba ya miezi minane, au magongo? Kwenye barabara yenye njia nyingi na magari yasiyosimama, daraja lenye mteremko mzuri lina haki yake. Mtaani, mtu avuke chini, gari ndilo lipunguze. Barabara ya Morogoro imenipa moyo kwa hili. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016, njia za miguu zilijengwa pamoja na njia ya mabasi, na vituo vingi unavifikia kwa kuvuka chini kwenye pundamilia. Nikienda Kariakoo kununua vitambaa napitia njia hiyo kwa makusudi, kwa sababu safari ya basi inaanza na kuishia kwa miguu, na daktari anazihesabu hatua hizo sawasawa na za mazoezi.

Barabara yako ikiwa bado haijabadilika, usiache kutembea, ila tembea kwa akili. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo pasipo na njia ya miguu tembea upande wa kulia ili uyaone magari yanayokujia usoni. Chagua njia ndefu yenye kivuli kuliko fupi ya kuruka mitaro. Usivuke kamwe mbele ya daladala iliyosimama kushusha. Subiri iondoke, kwani dereva anayeipita hakuoni wala wewe humwoni. Ushauri wa kushuka kituo kimoja kabla ni mzuri pale tu ambapo kati ya vituo hivyo viwili pana pa kukanyaga.

Na watoto: wengi wanatoka nyumbani giza halijapasuka, na sare ya bluu gizani haionekani. Nilianza kushona utepe unaong'aa, ule wa vizibao vya mafundi wa barabara, mgongoni mwa mabegi ya wanafunzi wa mtaani. Kipande cha kiganja kimoja kinatosha kumfanya dereva amwone mtoto mapema. Nenda kwa fundi wako umwombe. Ni kazi ya dakika 5, na fundi mwenye moyo hatakutoza.

Sukari yangu imeshuka, daktari amepunguza dozi. Kinachobaki ni mifuniko ya mtaro mbele ya zahanati, mahali ambapo wagonjwa wenyewe wanaruka kuingia kutibiwa. Barua iko ofisini tangu Machi, na nakala yangu ina muhuri. Jumatatu nitapita tena kuulizia. Kutoka kwangu ni dakika 15 kwenda na 15 kurudi.