Uliza Ujibiwe: Steringi, jua la utosini na makauboi wa Kiitaliano

Barua za safari hii nyingi zimeangukia upande mmoja: picha za makauboi zilizotengenezwa na Waitaliano kuanzia katikati ya miaka ya 1960. Wakosoaji wa wakati ule walizibandika jina la spageti kwa kejeli. Kejeli imeisha, jina limebaki, na mbinu zake hadi leo zinatumiwa na watu ambao hawajawahi kuziona hizo picha zenyewe.

SWALI: Tunarekodi filamu fupi kwenye machimbo ya kokoto Kunduchi. Mwishoni watu watatu wanapimana kwa macho kabla ya risasi, kama ile ya makaburini ya mwongozaji wa Kiitaliano Sergio Leone. Tulipoiunganisha, kila tuliyemwonyesha aliuliza, "Huyu anamtazama nani?" Tena macho hayaonekani, ni giza tupu chini ya kofia. – Msomaji, Tegeta

JIBU: Hayo ni makosa mawili tofauti, na yote yanatibika bila kukodi kitu.

Tuanze na macho yaliyopotea njia. Chora pembetatu chini kwa majivu, kila upande hatua kumi, kila mtu asimame kwenye pembe yake. Waite A, B na C kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, kana kwamba unawatazama kutoka juu. Kamera ikibaki ndani ya pembetatu, A akimtazama B macho yake yataelekea kulia kwa skrini, na B akimrudishia yataelekea kushoto. B na C vivyo hivyo, na C na A vivyo hivyo. Anayefuata yuko kulia, aliyetangulia yuko kushoto, basi. Fujo huanza mpiga picha anapovuka mstari unaounganisha watu wawili ili apate mandhari nzuri nyuma. Hapo wawili waliokuwa wanatazamana wataonekana wote wanatazama upande mmoja, na mtazamaji ataanza kumtafuta mtu wa nne.

Rekodi shoti kumi: macho mara sita (kila mtu akiwatazama wenzake wawili, mmoja mmoja), mikono mara tatu, na moja pana ya wote. Kila shoti iende nusu dakika bila kukata. Waigizaji wataona ni ndefu mno na wataanza kupepesa macho na kumeza mate. Msiwakataze, hayo ndiyo mnayoyataka.

Mezani kwa mhariri ndipo wengi wanapochemsha. Watu wanaikumbuka kasi ya mwisho ya ile picha, The Good, the Bad and the Ugly ya 1966, wanasahau ilivyoanza taratibu. Anza na shoti pana ili mtazamaji ajue nani yuko wapi. Kisha shuka: sekunde 10, 8, 6, 4, 3, 2, 1, mpaka fremu 12, ambazo ni karibu nusu sekunde kama mlirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde. Ukianzia sekunde mbili huna pa kupandia. Na kadiri muda unavyopungua, picha zisogee karibu: mwili mzima, kifua, uso, macho peke yake.

Sasa giza chini ya kofia. Leone alirekodi sehemu kubwa ya kazi zake Almería, kusini mwa Hispania, nyuzi 37 kaskazini mwa ikweta. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini. Jua letu la saa sita linakaa utosini, na ukingo wa kofia unageuza macho kuwa mashimo mawili. Shoti za macho zimalizeni kabla ya saa tatu asubuhi au zisubirini baada ya saa kumi jioni, jua likiwa limeinama kiasi cha kupenya chini ya kofia. Saa za katikati zitumieni kwa mikono, viatu na ile shoti pana. Mkibanwa na muda, laza shuka jeupe chini mbele ya mwigizaji, nje ya fremu, au mshikie kile kikinga jua cha rangi ya fedha cha kioo cha gari. Msitumie kanga. Kanga nyekundu itampaka mtu wekundu kidevuni, na hakuna mhariri atakayeufuta vizuri.

Kwa simu, msimsogelee mtu hadi sentimita 30. Lenzi pana hufanya pua iwe kama embe. Simameni mita moja na nusu na mtumie lenzi ya kuvuta ya simu, mara mbili au tatu. Kamera iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi iacheni ndani ya begi dakika 20 hadi 30 kwanza, la sivyo unyevu wa Dar utaifunika lenzi ukungu. Jasho likikauka kabla ya zamu ya mwigizaji, glisirini na maji nusu kwa nusu kwenye chupa ya kupulizia hukaa muda mrefu. Vumbi liwe la udongo uliochekechwa. Kuna watu hurusha saruji kwa sababu inaonekana vizuri kwenye kamera. Inaunguza macho na mapafu, msiifanye.

Na hata kama bunduki zenu ni za mbao, polisi na serikali ya mtaa wapewe taarifa mapema, na kibali cha Bodi ya Filamu kiwe mfukoni.

SWALI: Ile mistari myeusi juu na chini ya video, vijana wanaiweka wanasema ndiyo "sinema". Nayo imetoka kwa makauboi? – Msomaji, Sinza

JIBU: Hapana, picha pana zilikuwepo Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Waitaliano walichofanya ni kuzipata kwa bei poa. Mfumo wa Techniscope, uliobuniwa na Technicolor ya Rome mwaka 1960, ulitumia matundu mawili ya mkanda kwa kila fremu badala ya manne, kwa hiyo mkanda uleule ulirekodi muda mara mbili. Zaidi ya hapo, ulitumia lenzi za kawaida, ambazo ziliweza kusogea karibu kuliko zile lenzi maalumu za picha pana za wakati huo. Yale macho yanayojaza skrini nzima yalizaliwa kwenye ubanaji wa matumizi.

Ukitaka upana uwe mara 2.35 ya urefu wa kwenda chini kwenye video ya 1920 kwa 1080, urefu huo unakuwa 817. Weka 816, maana programu nyingi za kuhifadhi video hukataa namba witiri. Kwa upana wa 3840, weka 1634. Kubwa zaidi: washa mistari ya kuongozea kwenye kamera kabla ya kurekodi. Anayebandika weusi baadaye hukata vipaji vya nyuso na miguu, kisha analaumu mfumo.

SWALI: Mazungumzo yetu tuliyorekodi uani hayasikiki: bodaboda, jenereta, redio ya jirani. Nimesikia Waitaliano hawakuwa wanarekodi sauti kabisa. Tunaweza kufanya hivyo? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Mnaweza, na kwa Dar tunaona ni njia bora kuliko kugombana na bodaboda. Italia ya wakati ule sauti karibu zote ziliingizwa studio. Mwigizaji Mmarekani Clint Eastwood alisema maneno yake kwa Kiingereza, Gian Maria Volonté alimjibu kwa Kiitaliano, na filamu ikatoka na lugha moja. Kwa kuwa sauti yote ilijengwa upya, mtengenezaji alichagua nini kisikike. Mwanzo wa Once Upon a Time in the West (1968) watu watatu wanangoja treni: kinu cha upepo kinalia kwa kukosa grisi, matone yanadondokea kofia, nzi anamsumbua mmoja wao. Karibu hakuna anayesema neno. Siku hizi kila filamu ya kutisha au ya kijasusi inayokufanya usikie saa ya ukutani kwanza inakula urithi huo.

Siku ya kurekodi, sauti ya simu iwepo hata kama ni mbovu, iwaongoze baadaye. Nyumbani, simamisha magodoro mawili kwenye kona, zima feni na friji. Maiki iwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige. Chagua kilohezi 48 na biti 24. Mwigizaji avae hedifoni, asikie sentensi yake mara tatu, kisha aiseme bila kusikia. Sentensi moja moja. Ukimpa ukurasa mzima, ya nne itakuwa imeshakimbia midomo. Panapogoma kulingana, ni heri sauti ichelewe fremu moja kuliko iwahi, kwa sababu hata mtaani mlio huja baada ya tendo. Pakigoma kabisa, onyesha uso wa anayesikiliza. Leone alifanya hivyo mno.

Kosa linalofichua kazi ya chumbani ni ukimya mtupu baina ya maneno. Rekodi dakika moja ya hewa ya kila eneo mliporekodi, wote mkiwa kimya, muitandike chini ya mazungumzo. Muwahi kabla kunguru hawajaamka. Kunguru wa Dar hawajali jangwa lenu.

SWALI: Kibanda umiza tulifundishwa steringi hafi. Nimeona ya Kiitaliano, ya theluji, steringi kauawa na adui kaondoka zake. Mtunzi kakosea? – Msomaji, Buguruni

JIBU: Hiyo bila shaka ni The Great Silence ya Sergio Corbucci, 1968. Hakukosea. Ulirekodiwa hata mwisho mwingine wa furaha, lakini wa kifo ndio uliobaki kwenye kumbukumbu za watu. Steringi wa Kiitaliano mara nyingi ni mtu wa kulipwa, si mtu mwema, ndiyo maana uhai wake hauna dhamana. Ukimwiga, mpe tendo moja la huruma ndani ya dakika kumi za mwanzo, vinginevyo kibanda kizima kitamshangilia adui.

SWALI: Mzee wangu anasema Sholay ni kauboi wa Italia aliyevaa Kihindi. Kweli? – Msomaji, Upanga

JIBU: Mzee yuko sahihi nusu. Sholay (1975) ina mauaji ya familia yanayofanana sana na yale ya Once Upon a Time in the West, lakini wazo la kijiji kukodi wapiganaji lilitoka kwa Mjapani Akira Kurosawa, kwenye Seven Samurai ya 1954. Nyimbo na urafiki wa pikipiki ni vya Wahindi wenyewe. Mmarekani Robert Rodriguez alitengeneza El Mariachi (1992) kwa dola 7,000 hivi akifuata njia ya Waitaliano ya mgeni mwenye silaha na mji mdogo. Quentin Tarantino alikwenda mbali zaidi: alimchukua Ennio Morricone mwenyewe, mtunzi wa muziki wa picha za Leone, amtungie muziki wa The Hateful Eight, na mzee huyo akapata Oscar yake ya kwanza ya mashindano mwaka 2016.

SWALI: Tuliweka ule mluzi maarufu wa Morricone kwenye filamu yetu YouTube. Sasa pesa ya matangazo inakwenda kwa mtu mwingine. Si wimbo wa zamani ule? – Msomaji, Temeke

JIBU: Ni wa zamani lakini una mwenyewe; Morricone alifariki 2020 tu, na haki zake hazijaisha. Leone naye aliingia mtego huo. A Fistful of Dollars (1964) ilifuata hadithi ya Yojimbo ya Kurosawa bila ruhusa, na malipo yake yakawa asilimia 15 ya mapato ya dunia pamoja na haki za kuisambaza Japani na nchi jirani.

Ondoeni wimbo, msijaribu kuuongeza kasi au kuugeuza. Mfumo wa YouTube mara nyingi huutambua hata hivyo. Tungeni wenu. Morricone alitumia alichokuwa nacho karibu: mluzi wa Alessandro Alessandroni, gitaa, kengele, mlio wa mjeledi. Nanyi mna zeze, zumari, marimba, manyanga. Chagua nota tano au sita, na mpe kila mhusika ala yake ili ikisikika tu mtazamaji ajue nani anakuja kabla hajaingia kwenye fremu. Rekodini kabla ya kupiga picha, muupige eneo la tukio waigizaji watembee kwa mapigo yake. Leone alifanya hivyo 1968. Mpiga zeze asaini karatasi moja inayosema amelipwa kiasi gani na nani anamiliki rekodi, kisha mpeleke nakala COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kupandisha filamu mtandaoni.