Kazi ya Kanada haina kiingilio

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kisiwani Lamu, na zaidi ya nusu zina neno New Brunswick. Sijui nani aliyelileta, ila limeshika. Kwa asiyelijua, hilo ni jimbo dogo la Kanada, upande wa mashariki, baharini kabisa. Huko huvuliwa wale kamba wakubwa wenye makucha, na viwanda vinavyowasafisha na kuwapakia huhangaika kupata watu. Kwa hiyo kazi zipo kweli, na uongo ukichanganywa na kweli ndipo watu wanapoliwa. Mimi nilikaa kaunta ya ofisi ya leba miaka mingi kabla ya kustaafu hapa Malindi. Nitajibu kama nilivyokuwa nikijibu pale, bila sukari.

*Salaam aleikum, Bi Leba. Mwanangu ni fundi wa mashua Matondoni. Kuna wakala Mombasa asema atampeleka New Brunswick, kiwanda cha samaki. Ataka shilingi 280,000, na pasipoti akae nayo yeye "mpaka mambo yakamilike". Babake yuko tayari kuuza kipande cha shamba la minazi. Nimesikia serikali ya jimbo lile ina idara ya kusaidia wafanyakazi. Je, yaweza kumsaidia mwanangu kabla hajatoka? — Mama, Langoni*

Waaleikum salaam, dada yangu. Kwanza mwambie babake minazi isiguswe.

Idara ipo. Jina lake ni refu: Idara ya Elimu ya Baada ya Sekondari, Mafunzo na Kazi. Humo ndani mna watu wa vyuo, watu wa ufundi, watu wa haki za wafanyakazi, na hata maktaba, jambo ambalo nitalirudia kwa sababu mwalimu mmoja ameliulizia. Ina ofisi zinazoitwa WorkingNB ambako mtu hukaa na mshauri, akasaidiwa kuandika wasifu wake, kutafuta kazi na kujua kozi ya kumfaa. Halipi senti. Lakini huduma hiyo ni ya aliyekwisha kufika na ana haki ya kufanya kazi kule. Mwanao akiwa bado Matondoni, mshauri huyo hatamtafutia kibali. Kibali cha kazi na viza hutolewa na serikali kuu ya Kanada. Jimbo laweza kumpendekeza mtu, ila mlango si wao wanaoufungua.

Kinachomhusu mwanao leo ni sheria ya viwango vya kazi, ambayo idara hiyohiyo ndiyo inayoisimamia. Sheria hiyo inamkataza mwajiri, na anayemtafutia watu, kumtoza mfanyakazi wa kigeni ada ya kuajiriwa. Inakataza pia kumshikia pasipoti. Soma tena barua yako, dada: wakala wako amekutajia yote mawili katika sentensi moja.

Kuna zaidi. Mwajiri wa New Brunswick anayeajiri wafanyakazi wa kigeni wa muda hutakiwa kujisajili na ofisi hiyo ya viwango vya kazi. Na kazi nyingi za namna hii humlazimu aombe ruhusa ya serikali kuu kwanza, aonyeshe kwamba amekosa mtu wa hapohapo. Ada ya ombi ni dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi, na haruhusiwi kumrudishia mfanyakazi mzigo huo. Kazi ikiwa ya mshahara wa chini katika utaratibu huo wa ruhusa, nauli ya kwenda na kurudi pia ni ya mwajiri. Sasa muulize wakala: hizo 280,000 ni za nini? Akisema "za mwajiri", mwajiri anavunja sheria ya kwao. Akisema "za viza", ada za viza na kibali hulipwa serikalini na huwa na risiti, wala hazifiki kiasi hicho.

La kufanya: mtake jina kamili la kiwanda na mkataba ulioandikwa, wenye mshahara wa saa, saa za kazi na mahali pa kulala. Kisha aulizie kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ile NEA, kama wakala huyo amesajiliwa. Mamlaka hiyo imewekwa kwa sheria ya 2016 na orodha ya mawakala ni ya kila Mkenya kuiona. Wakala aliyesajiliwa hukasirika kidogo ukimuuliza, kisha hukuonyesha cheti. Asiyesajiliwa hukasirika sana, na habari huishia hapo. Na mkataba wa kazi ya nje upitishwe kwanza kwa wizara yetu ya leba. Najua foleni, nimekuwa upande wa pili wake.

Na akifika huko salama, inshallah, ajue mapema: mshahara lazima ulipwe angalau kila siku 16. Akipita saa 44 kwa wiki, saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya kima cha chini cha mshahara. Angalia hapo, ni ya kima cha chini, si ya mshahara wake mwenyewe. Vijana wengi hupiga hesabu ya pili kisha wakadhani wameibiwa.

*Kule wanasema Kiingereza tu? — Kijana wa Shela*

La. New Brunswick ndilo jimbo pekee la Kanada ambalo kwa sheria lina lugha rasmi mbili, Kiingereza na Kifaransa. Ukiwa na Kifaransa cha kuombea maji, usikiache kikauke.

*Nina karakana ya alumini hapa Malindi na vijana wawili ninaowafunza. Kwetu serikali huja kwa leseni na kodi. Hao wenzetu, mwajiri hupata nini? — Mwenye Karakana, Maweni*

Kaka, swali lako lina uchungu nami naujua. Idara ile humhesabu mwajiri kuwa mteja pia. Ana njia ya kupata sehemu ya mshahara wa mtu mpya kulipiwa kwa muda, akitimiza masharti. Lakini mimi napenda zaidi utaratibu wao wa wanagenzi. Kijana husajiliwa rasmi, saa zake za kazi chini ya fundi mwenye cheti zikahesabiwa, akaenda chuoni kwa vipindi, akarudi karakanani. Mwisho hufanya mtihani. Ufundi ukiwa ule wa Red Seal, yaani wenye muhuri wa kiwango kimoja cha nchi nzima, cheti chake hutambuliwa majimbo yote ya Kanada, hafanyi mtihani upya kila anapohama.

Wewe umemfunza kijana miaka mitatu, na siku akiondoka hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba anajua kukata alumini. Wapeleke NITA, mamlaka yetu ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, wafanye mtihani wa daraja, waanze na la tatu. Na je, unalipa ile tozo ya mafunzo ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi? Kama unalipa, jua kwamba mwajiri anayechangia huweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Kwenye kaunta yangu waajiri walikuwa wakinung'unikia tozo hii kila mara. Wa kuulizia fomu ya kudai sikuwaona.

*Bi Leba, maktaba inaingiaje katika idara ya kazi? Au huko hawana mahali pengine pa kuiweka? — Mwalimu, Mkomani*

Mwalimu, nami nilidhani ni kosa la uchapaji, hata nilipofikiria nani huingia maktaba asubuhi ya Jumatatu. Ni asiye na kazi anayetaka kompyuta ya kuombea. Ni mgeni aliyefika juzi, nyumba haina intaneti, na kila ofisi inamwambia ajaze fomu mtandaoni. Ni mwanagenzi anayesomea mtihani. Wote hao ni wateja wa idara hiyo tayari. Mkaazi wa jimbo hupata kadi bure, na kadi moja hutumika katika maktaba zote za umma za jimbo zima. Mimi naona wameiweka mahali pake.

Kwetu mambo yamegawanyika kwingine. Huduma ya maktaba ya taifa iliundwa kwa sheria ya 1965, kisha Katiba ya 2010, katika jedwali la nne, ikaorodhesha maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Leba ilibaki Nairobi. Kwa hiyo ukimlilia mbunge kuhusu vitabu na kompyuta, unamlilia asiyeshika mfuko huo. Mwone mwakilishi wa wadi. Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Nenda na wanafunzi wako wawili watatu wa kidato cha nne, na ombi liwe kwenye karatasi, na nakala moja igongwe muhuri mbele yako.