Kabla ya kubadili darubini, badili lenzi ya jichoni

Baba mkubwa alihangaika karibu nusu saa ili aione Zohali, na hakuiona. Tulikuwa uani kwetu Dodoma, mwezi wa saba, baridi kali na anga safi kabisa. Darubini yangu ina kioo chenye kipenyo cha milimita 114 na umbali wa fokasi, yaani kutoka kwenye kioo hadi pale mwanga unapokutana, wa milimita 900. Nilikuwa nimeweka lenzi ya jichoni yenye umbali wa fokasi wa milimita 4, ile yenye nguvu kuliko zote zilizokuja na boksi. Baba mkubwa anavaa miwani. Akiwa nayo anaona giza tu. Akiivua, kope zinagusa kioo, darubini inatikisika, na sayari imeshatoka. Mwishowe akasema, "Basi mwanangu, wewe tazama, mimi utanisimulia."

Maneno yale yaliniuma, na ndiyo yaliyonifanya nijifunze habari za lenzi ya jichoni, kile kipande kidogo unachowekea jicho. Nimeshawaona watu wengi wakiuza darubini nzuri wakidhani ni mbovu, kumbe ubovu uko hapo.

Kwanza, usinunue namba ya kukuza. Hesabu yake ni rahisi: gawanya umbali wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi. 900 kwa 4 ni mara 225. Ongeza lenzi ya Barlow ya mara tatu, ile inayowekwa kabla ya lenzi ya jichoni ili kuzidisha ukuzaji, unapata ile 675 iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi langu. Lakini kioo hakina uwezo huo. Chukua kipenyo chake kwa milimita, zidisha kwa mbili, na hapo ndipo mwisho: kwa changu ni 228, tena hewa ikiwa imetulia sana. Usiku mwingi mimi huishia 150. Ukizidisha, mwanga uleule unatandazwa mahali pakubwa zaidi na Zohali inakuwa doa lililofifia. Lenzi ya milimita 4 kwenye darubini yangu hupeleka jichoni mwale wenye upana wa nusu milimita tu. Hapo hata vile vinyuzi vinavyoelea ndani ya jicho lako mwenyewe utaviona vikipita juu ya sayari. Na kwa kuwa dunia inazunguka, hata dakika moja haiishi kabla sayari haijatoka kwenye uwanja, yaani kile kiduara cha anga unachokiona ndani ya lenzi.

Lenzi ya pili ya boksi, ya milimita 20, ilikuwa na herufi H, yaani Huygens. Mholanzi Christiaan Huygens aliibuni katika miaka ya 1660, na ninamheshimu kwa hilo: kwa vipande viwili vya kioo cha aina moja, vilivyopangwa kwa nafasi iliyopimwa vizuri, alipunguza rangi zinazozingira nyota. Ila muundo huo ulifaa darubini ndefu mno za enzi zake, na uwanja wake, ukipimwa kwa upana unaoonekana jichoni, ni mwembamba, nyuzi 40 au pungufu. Kwangu maana yake ni kwamba kundi la nyota la Kilimia halikuenea. Niliona nyota chache, nikasogeza, nikaona nyingine chache.

Nilipopata lenzi ya aina ya Plössl ya milimita 25, nilikaa kimya kwa muda. Georg Simon Plössl wa Vienna alitengeneza muundo huu mwaka 1860: jozi mbili za vioo vilivyogandishwa pamoja, kila jozi ikiwa na aina mbili za kioo ili rangi zikutane mahali pamoja. Uwanja ni kama nyuzi 50. Ukizigawanya kwa ukuzaji wa mara 36, naona kipande halisi cha anga cha karibu nyuzi moja na nusu, na nyota zote kuu za Kilimia zikaingia kwa pamoja, zikiwa nukta safi. Kama una fedha ya lenzi moja tu, nunua hii.

Plössl fupi, hata hivyo, zina kasoro ileile iliyomshinda baba mkubwa. Jicho lazima likae karibu sana na kioo, kiasi cha robo tatu hivi ya umbali wa fokasi wa lenzi. Ya milimita 6 inakuachia milimita nne au tano. Mwenye miwani anahitaji 15 au zaidi. Kwa hiyo uliza nafasi hiyo ya jicho kabla ya kulipa. Zipo lenzi za bei nafuu za uwanja wa nyuzi 66 zinazotoa nafasi ya kutosha hata zikiwa fupi. Mimi nilichukua ya milimita 9: mara 100, na sayari inakaa zaidi ya dakika mbili bila kugusa darubini. Baba mkubwa aliiona pete akiwa na miwani yake. Alirudi kutazama mara nne.

Kuna lenzi za kifahari pia. Mmarekani Al Nagler, aliyewahi kufanya kazi ya mitambo ya mazoezi ya wanaanga wa Apollo, zile safari za mwezini, alileta uwanja wa nyuzi 82. Ni nzuri mno, lakini baadhi huzidi bei ya darubini yenyewe. Zinalipa zaidi kwenye darubini fupi za f/5 au f/4, yaani zenye umbali wa fokasi ulio mara tano au nne tu ya kipenyo cha kioo, ambako lenzi rahisi huharibu nyota za ukingoni.

Kabla ya kulaumu lenzi, ipime. Peleka nyota kutoka katikati hadi ukingoni. Ukirekebisha fokasi ikawa nukta tena, basi uwanja umepinda tu. Ikibaki kistari kinachogeuka upande ukizungusha fokasi, kosa mara nyingi ni la lenzi. Ikiota mkia kama kimondo, hapo ni kioo cha darubini, na lenzi ya gharama haitakiponya.

Na ninyi wa Tanga, Mombasa na Unguja: unyevu huotesha kuvu juu ya vioo, na kuvu hula ule utando unaozuia mng'ao. Hifadhi lenzi kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Zikishika umande usiku, ziache zikauke kwanza kabla ya kuzifungia.