Wasomaji Wanauliza: Waliokaa Kando ya Reli ya Cajon Walikuwa Wakitazama Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu mjomba wangu alisoma California alipokuwa kijana, na miongoni mwa vitu alivyoacha imo bahasha ya picha ambazo nyuma yake pameandikwa "Cajon, 1974". Karibu zote ni za treni za mizigo zikipinda kati ya miamba, na katika picha mbili tatu wanaonekana watu wazima, wenye akili zao, wamekaa kwenye viti vya kukunja wakingoja. Ingekuwa treni ya abiria ningeelewa. Walikuwa wakitazama nini, na kwa nini wachague mahali hapo? Tena naona vichwa vya treni mbele na vingine nyuma kabisa. Je, vile vya nyuma vilikuwa vibovu vikipelekwa karakana?

JIBU: Nianze na vile vya nyuma, kwa kuwa ndivyo vitakavyotufikisha kwenye swali lenyewe. Havikuwa vibovu hata kidogo, bali vilikuwa vikisukuma. Kiungio kinachoshikanisha behewa na behewa kina kikomo cha nguvu zake, na ukiweka vichwa vyote mbele, uzito wa treni nzima unaning'inia kwenye kiungio cha behewa la kwanza. Kikikatika hapo, umepoteza treni na pengine njia pia. Ukivigawa, baadhi vikavuta na baadhi vikasukuma, mzigo unagawanyika pande mbili, na mahali fulani katikati kuna behewa ambalo halivutwi wala halisukumwi. Wazoefu walipenda kukisia ni lipi.

Cajon ni kipito, yaani uwazi mwembamba kati ya milima ya San Gabriel na ile ya San Bernardino, kusini mwa California, na ule ufa wa San Andreas unaosababisha matetemeko ya ardhi katika jimbo hilo unapita humo humo. Reli ilipenya hapo mwaka 1885, ikijengwa na kampuni ya California Southern iliyokuwa chini ya kampuni kubwa ya reli ya Santa Fe. Treni iliyotoka mji wa San Bernardino, ulioko kidogo zaidi ya meta 300 juu ya usawa wa bahari, ilitakiwa kufika kileleni, mahali palipoitwa Summit, penye meta 1,165, katika safari ya kilometa zipatazo 40 tu. Mwenye gari dogo hawezi kuuona mwinuko huo kuwa mlima. Lakini gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko wa mpira juu ya lami, na udhaifu huo unaoifanya treni iteleze kwa wepesi kwenye tambarare ndio unaoiadhibu inapoanza kupanda. Kwa treni, mwinuko wa asilimia 2, yaani kupanda meta 2 katika kila meta 100, ni kazi nzito, na dereva humwaga mchanga mbele ya magurudumu kupitia vijibomba ili yasizunguke bure.

Sasa fikiria aliyekaa kwenye kiti chake cha kukunja. Huisikia treni kwa muda mrefu kabla ya kuiona, kwa sababu kuta za kipito hurudisha sauti, na mvumo hupotea kila treni inapoingia nyuma ya kilima, kisha hurudi ukiwa mzito zaidi. Katika miaka hiyo ya 1970 kampuni za Santa Fe na Southern Pacific zote zilikuwa na dizeli, yaani vichwa vya treni vya injini ya dizeli, za aina ya SD45, zenye silinda 20 na nguvu za farasi 3,600 kila moja, na vichwa vitano au sita vya namna hiyo vikivuta kwa pamoja, ardhi hutetemeka chini ya soli za viatu. Halafu treni yenyewe inatokeza, polepole. Treni ya kilometa moja na nusu ikipanda kwa mwendo wa kilometa 24 kwa saa huchukua karibu dakika nne kumpita mtu aliyesimama, naye ana nafasi ya kusoma maandishi ya kila behewa: jina la kampuni, namba, uzito wake likiwa tupu. Kwenye tambarare treni hiyo hiyo ingekuwa mchoro wa rangi uliopita mara moja. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya watu kuchagua mlima.

Sababu ya pili ni kwamba pale zilipita kampuni tatu. Santa Fe ndiyo iliyokuwa mwenye njia. Union Pacific ilikuwa na haki ya kuitumia njia hiyo tangu mwaka 1905. Na Southern Pacific ilifungua njia yake mpya kutoka Palmdale hadi Colton mwaka 1967, ikipita kando kando ya ile ya zamani. Kwa hiyo mtu aliyekaa mahali pamoja aliona vichwa vya buluu na njano vya Santa Fe, vya njano na kijivu vya Union Pacific, na vile vya kijivu vyenye pua nyekundu vya Southern Pacific. Akiwa na bahati aliona pia DDA40X ya Union Pacific, dizeli ndefu ya meta 30 yenye nguvu za farasi 6,600, ambazo zilitengenezwa 47 tu kati ya mwaka 1969 na 1971. Ikiwa picha za mjomba wako zina kona kubwa yenye miamba ya mchanga iliyoinama nyuma yake, huenda alisimama kwenye Sullivan's Curve, kona iliyopewa jina la Herb Sullivan, mpiga picha aliyeipenda zamani za injini za mvuke.

Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba wengi waliokwenda Cajon kwa mara ya kwanza walitazama upande usio na jambo kubwa. Kupanda kunavutia macho na masikio, lakini treni ikishindwa kupanda mara nyingi husimama tu, ikangoja msaada. Kazi yenyewe iko kwenye kushuka, na dalili zake ni za kimya, zinazotaka mtazamaji mvumilivu.

Breki za treni hufanya kazi kwa hewa. Bomba moja hupita chini ya mabehewa yote, na kila behewa lina mtungi wake wa hewa. Dereva akipunguza shinikizo la bomba, mitungi husukuma vipande vya breki vikabana magurudumu; akitaka kuijaza mitungi tena, sharti aongeze shinikizo, na akiongeza, breki zinaachia. Kwenye tambarare hilo si tatizo. Kwenye mteremko mrefu ndipo mtego ulipo, kwa maana dakika anayojaza hewa ndiyo dakika ambayo treni inakimbia bila kushikwa, na akibana na kuachia mara nyingi mno mitungi hubaki haina kitu. Ndiyo maana kwa miaka mingi treni nzito zilisimama kileleni kabla ya kushuka, na mfanyakazi wa breki akatembea kandokando ya mabehewa akigeuza kivali kidogo cha kila moja, ili hewa kiasi ibaki imebana magurudumu hata wakati mitungi inajazwa. Chini ya mlima alitembea tena kuvirudisha. Mtazamaji aliyekaa Summit alimwona mtu huyo akiwa mdogo kama sisimizi kando ya treni, behewa baada ya behewa, na kabla treni haijaondoka alikuwa amekwisha pata picha zake zote.

Zilipoondoka, magurudumu yalipata moto. Harufu ya breki iliyoungua ilitangulia mbele ya mabehewa, moshi wa samawati ukafuka chini yake, na usiku cheche zilionekana. Santa Fe ilipopokea dizeli zake za kwanza za mizigo, aina ya FT, mwanzoni mwa miaka ya 1940, hazikuletwa kwa ajili ya kuvuta tu; zilikuwa na breki ya umeme. Katika breki hiyo mota zinazozungusha magurudumu hugeuzwa kuwa mitambo ya kufua umeme, magurudumu yakalazimika kuzizungusha, na umeme unaopatikana huteketezwa kuwa joto kwenye vyuma vilivyo karibu na paa la kichwa, huku feni zikivipuliza. Feni hizo hulia kwa sauti nyembamba ya juu. Aliyezoea Cajon alifumba macho na bado akajua treni inashuka, na ya kwamba breki hiyo inafanya kazi.

SWALI: Ndugu Mhariri, katika picha za reli za Marekani za zamani huwa kuna behewa dogo jekundu mwishoni, lenye kijumba kilichochomoza juu ya paa. Siku hizi silioni. Tena nimesoma kwamba huko Cajon treni zilipita upande wa kushoto, ilhali kwingine hupita kulia. Kuna uhusiano?

JIBU: Hakuna uhusiano, ila yote mawili yanatokana na mlima. Behewa lile lilikuwa la gadi na wafanyakazi wa breki. Kijumba cha juu kiliwawezesha kuona urefu wote wa treni, watambue moshi wa ekseli iliyokosa mafuta au mzigo uliolegea, na humo ndani walikuwa na kipimo cha kuonyesha shinikizo la hewa ya breki mkiani. Katika miaka ya 1980 kampuni za Marekani ziliyaondoa, zikaweka mahali pake kisanduku chenye taa inayomweka, kinachompelekea dereva kipimo hicho kwa redio. Kwa mtazamaji ilikuwa hasara ya kweli, maana mtu wa behewa la mwisho ndiye aliyempungia mkono, kisanduku hakipungi.

Kuhusu kushoto: njia ya kwanza, ile ya 1885, ilikuwa na mwinuko wa asilimia 3 katika sehemu yake ya juu. Mwaka 1913 Santa Fe ilimaliza njia ya pili upande wa kaskazini, iliyozunguka zaidi ili mwinuko wake usizidi asilimia 2.2. Busara ilidai treni zinazopanda zipewe ile nafuu na zinazoshuka zipewe ile kali, na kwa kuwa zinazopanda zilikuwa zikielekea mashariki, ilibidi zishike kushoto. Mwaka 1972 Santa Fe ilinyoosha kona za karibu na kilele na kukishusha kilele chenyewe kwa karibu meta 15. Picha za mjomba wa yule msomaji wa kwanza, kama tarehe yake ni sahihi, ni za baada ya kazi hiyo, na palipo Summit ya zamani hazitaonyesha reli.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, niliwahi kusikia kwamba treni moja ilishuka mlima huo bila breki ikaangukia nyumba za watu. Je, waliokuwa wakitazama huko juu hawangeweza kuona kwamba ina kasoro wakatoa taarifa?

JIBU: Ni kweli, na ilitokea asubuhi ya tarehe 12 Mei 1989 kwenye njia ya Southern Pacific. Treni hiyo ilikuwa na mabehewa 69 ya magadi, na vichwa sita, vinne mbele na viwili nyuma. Hati za mzigo hazikuwa na uzito, na karani aliyejaza alikadiria tani 60 za Kimarekani kwa behewa wakati kila behewa lilibeba zipatazo 100. Zidisha kwa 69, utaona kwamba dereva aliondoka kileleni akiamini treni yake ni nyepesi kwa zaidi ya tani 2,700 kuliko ilivyokuwa. Zaidi ya hayo, breki ya umeme haikufanya kazi sawasawa katika baadhi ya vichwa, na hakuna mtu mmoja aliyekuwa na habari zote. Mwendo ulipozidi, dereva wa vichwa vya nyuma alivuta breki ya dharura, jambo ambalo mtu yeyote angelifanya. Lakini kwa jinsi mitambo ilivyoundwa, breki ya dharura ilizima breki ya umeme iliyokuwa ikisaidia bado. Treni ilifika kwenye kona ya Duffy Street, mjini San Bernardino, ikiwa na mwendo wa takriban kilometa 177 kwa saa, ikaacha reli na kuzibomoa nyumba. Walifariki wafanyakazi wawili wa treni na wakazi wawili. Siku 13 baadaye, bomba la petroli lililopita chini ya eneo hilo lilipasuka, moto ukaua watu wengine wawili.

Ama swali lako la watazamaji, jibu ni hapana. Macho hayapimi uzito. Behewa lenye tani 60 za magadi na lenye tani 100 yana rangi moja, urefu mmoja na magurudumu yale yale, na kile ambacho kingeonekana, yaani moshi kwenye magurudumu, kilikuwa kitu cha kawaida kwa treni yoyote iliyoshuka pale. Kasoro yenyewe ilikuwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa ofisini.