"Sina cha kuficha": jibu lililonijia nimeshachelewa

Jumamosi iliyopita nilishindwa mdahalo Iringa mjini, mbele ya ukumbi uliojaa, na mpaka leo nikikumbuka koo linanikaba. Mada: je, serikali iruhusiwe kudukua simu na kompyuta za watu ili kuwanasa wahalifu? Nilikuwa upande wa kupinga, na nilijiandaa wiki tatu. Nikaanza na nyaraka za siri alizotoa Edward Snowden mwaka 2013, zilizoonyesha jinsi NSA, shirika la ujasusi la Marekani alilolifanyia kazi kama mkandarasi, lilivyokuwa likikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya watu. Nikaja kwenye Pegasus, programu ya udukuzi ya kampuni ya NSO ya Israeli, inayoweza kuingia kwenye simu bila mwenyewe kubofya chochote. Nikajua nimemaliza kazi.

Ndipo mama mmoja akaomba kipaza sauti. "Mwanangu, mimi nauza mchele. Serikali ikisikiliza simu yangu itasikia bei ya gunia. Sina cha kuficha."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nikataja ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda mawasiliano ya mtu, sauti ikitetemeka, lakini hakuna aliyekuwa ananisikiliza tena.

Jibu lilinijia kwenye basi, tumeshapita Makambako. Uchungu ni kwamba lilikuwa maisha yangu mwenyewe.

Mwaka 2017 nilikuwa na steshenari Mwanjelwa, hapa Mbeya, kompyuta nne, ndoto ya kufungua tawi la pili. Asubuhi moja ya Mei nikawasha mashine, nikakutana na dirisha jekundu, saa zinahesabu kurudi nyuma, linadai dola 300 kwa bitcoin, sarafu ya mtandaoni. Kila faili limefungwa. Tafiti za wanafunzi. Barua za kazi. Orodha ya michango ya harusi moja ya Uyole, na mwenyekiti wa kamati akaniita tapeli mbele ya wateja. Neno hilo bado linaniuma. Sikulipa, sikuwa nazo, na kabla ya mwaka kwisha nikafunga duka.

Kirusi kile ni WannaCry. Kilianza kusambaa tarehe 12 Mei, kikafika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu ya wagonjwa. Kilipita kwenye tundu la Windows ambalo NSA walilijua, wakalinyamazia, wakatengeneza chombo cha kuingilia. Chombo kikaibwa, na Aprili kikamwagwa hadharani. Microsoft, wenye Windows, walikuwa wametoa sasisho la kuliziba tundu hilo mwezi Machi, ila mimi nilikuwa nimezima masasisho ili kuokoa bando. Kosa hilo ni langu, nalikubali.

Sasa wewe unayetaka kusimama jukwaani kama mimi, nisikilize. Anza na kilichokupata. Snowden aje baadaye. Mtu wa Iringa hamjui Snowden, lakini anaijua harusi iliyoharibika. Anza na kilichokupata, narudia, hata kama unaona aibu.

Na usiseme wahalifu waachwe. Ibara hiyohiyo ya 16 inataka uwepo utaratibu wa sheria unaosema lini na kwa kiasi gani faragha ya mtu inaweza kuingiliwa. Polisi mwenye kibali anayemfuatilia mtuhumiwa mmoja, huyo tunaweza kumjadili. Kuacha kufuli za watu wote na kasoro kwa makusudi, ili serikali peke yake iweze kuzifungua, ni jambo jingine kabisa. Mwizi naye atapita hapohapo, na muuza mchele asiye na cha kuficha ana cha kupoteza: madeni ya wateja, namba za siri, akiba ya kwenye simu.

Usiku huu sasisha simu yako. Bando litakatwa, acha likatwe.

Na wewe mama wa mchele, ukisoma hapa, karibu Mbeya. Diski ya kompyuta ile ninayo bado, nimeifunga kwenye kitambaa. Ile orodha ya harusi imo humohumo, haijafunguka hadi leo.